Mzee wa Kreta Toniki

Katika tangazo lile Mzee Koinet amesimama nyuma ya meza yenye chupa nyingi. Mashavu yamevimba, midomo imechongoka, na matone yanayotoka kinywani mwake yametawanyika juu ya chupa kama manyunyu. Chini ya picha kuna maandishi mekundu: KRETA TONIKI. MZEE KOINET, MIAKA THEMANINI. HANA PRESHA, HANA SUKARI, HANA MGONGO.

Mwaka 2008 tangazo hilo lilibandikwa Karatu nzima, kwenye nguzo za umeme, kwenye mlango wa kinyozi, na ubavuni mwa gari la Philbert, mwenye dawa. Philbert alitoka Rombo akiwa muuza viatu. Viatu vilipokosa wanunuzi alihamia kwenye afya. Toniki aliipika mwenyewe nyuma ya duka kwa tangawizi, sukari iliyounguzwa na rangi ya keki. Redioni alisema imetokana na mimea inayoota chini kabisa ya kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo mtu akichuma hata jani anakamatwa na askari. Wateja hawakumwuliza yeye anaichumaje.

Aliyeuliza ni Judith, muuguzi wa zahanati. Aliletewa mama mmoja wa Endamarariek aliyeacha vidonge vya presha ili anywe toniki. Mama huyo alianguka shambani, na tangu hapo mkono wake wa kulia hauinuki. Judith alikuwa na blogu, na jioni hiyo aliandika. Hasira yake ilikuwa ya haki, na hilo ni vizuri lisemwe mapema. Alieleza presha ni nini na kwa nini vidonge vyake haviachwi ovyo. Aya hizo wasomaji waliziruka. Walichosoma ni mwisho wake:

"Itazameni picha vizuri. Mzee mwenyewe, aliyelipwa kuisifu dawa, ameonja akaitema! Na kama kweli hana mgongo, amesimamaje?"

Maoni yakamiminika kutoka Dar, kutoka Mwanza, na kutoka kwa mtu aliyejiita Mbongo wa Toronto. Walimpa mzee jina la Babu Mtemaji. Mmoja alikata kichwa chake kwenye picha akakibandika juu ya shingo ya ngamia, na wenzake wakampongeza kwa ufundi. Juu ya hali ya mama wa Endamarariek hakukuwa na swali hata moja.

Philbert aliposoma alifunga duka akalala. Alipofungua tena alikuta watu mlangoni wakitaka kuionja hiyo dawa inayotemwa, na afya yake ikarudi. Kilichobaki kumuuma ni kuitwa tapeli wa viatu. Kila asubuhi alikwenda kwenye intaneti kafe kujitetea kwa majina ya Mpenda Haki, Mama Amani na Daktari Bingwa wa Ulaya. Watu hao watatu wote waliandika kwa herufi kubwa, wote walikuwa wamepona mgongo, na wote waliondoka kwa pamoja saa ya chakula cha mchana.

Nashipai aliyaona haya kwenye kompyuta ya hoteli alikokuwa akifua mashuka. Yeye ni binti wa Mzee Koinet, na alikuwa karibu kuolewa, nyumbani kwao Nainokanoka. Alikwenda zahanati akiwa bado na sare ya kazi.

"Dada Judith, yule mzee wa kwenye picha ni baba yangu."

"Pole sana, mdogo wangu. Walimtumia vibaya."

"Hakuitema dawa. Ile ni pombe ya asali. Kwetu mzee akibariki, anapuliza kwa kinywa hivyo hivyo. Alikuwa anabariki."

"Anabariki chupa?"

"Philbert alimleta mama yangu hospitali kwa gari lake siku ya mvua, barabara ikiwa haipitiki. Baadaye akaja kuomba baraka ya kazi yake. Mtu aliyekufaa hivyo, utamhoji?"

Judith alivua miwani akaifuta. "Sasa huoni hiyo ni mbaya zaidi? Afadhali angeitema kweli."

"Mimi nimekuja urekebishe tu."

"Nitarekebisha. Ila nikuambie ukweli, sentensi ile ndiyo iliyowafikia watu. Nikiifuta, watarudi kwa Philbert."

"Futa ya baba yangu. Ya Philbert iache, hata uiongeze chumvi."

"Nitaangalia, mdogo wangu."

Akaangalia. Maoni yalikuwa yameongezeka, na mhariri mmoja wa Dar alikuwa ameomba ruhusa ya kuitumia sentensi ile gazetini. Judith akaipa sentensi ruhusa, na akaiacha mahali pake.

Nashipai alipofika Nainokanoka alikuta habari imemtangulia, nayo imebadilika njiani. Mwalimu mmoja aliwasimulia wazee kwamba Koinet ameitema dawa ya uongo mbele ya kamera, na watu mpaka ng'ambo wameona. Rika lake, wazee waliotahiriwa pamoja naye, likafurahi kupita kiasi. Mepukori, msemaji wa rika hilo, alizunguka boma kwa boma akisema, "Rika letu halinyweshwi uchafu!" Wazee waliokuwa na kawaida ya kumkatiza Koinet akiongea, sasa walimsikiliza mpaka mwisho.

Hapo ndipo Nashipai alipoogopa. Bibi harusi hubarikiwa na baba yake pamoja na wazee kabla ya kutoka bomani. Kinywa kinachobariki hakitakiwi kuwa kimebariki uongo. Kama rika lingejua, baba yake asingeruhusiwa kumbariki yeye.

"Baba, nyamaza," alimwambia wakiwa wawili kwenye zizi la ndama. "Harusi ni wiki ijayo."

"Sijasema neno."

"Basi endelea hivyo hivyo."

"Lakini wananisifu kwa kitu ambacho sikufanya."

"Na huko Karatu wanakutukana kwa kitu ambacho hukufanya. Si imelingana?"

Koinet alicheka. Halafu akauliza habari za mama wa Endamarariek, maana Nashipai alikuwa amemsimulia, na alipojibiwa kwamba mkono bado haujainuka, hakucheka tena.

Zikabaki siku mbili. Wazee walikuwa wamekaa nje ya boma wakipanga ng'ombe wa harusi wakati gari la Philbert lilipoingia, spika juu, picha ya Koinet ubavuni, imeanza kuchanika na kujaa vumbi. Philbert alishuka na karatasi za blogu mkononi.

"Shikamooni wazee wangu! Baba Koinet, nimechafuliwa. Nimekuja unisafishe. Waambie hawa, siku ile ulitema au ulibariki?"

Mepukori alijibu kabla ya Koinet. "We Mchaga, umetoka Karatu mpaka huku kuulizia mate?"

"Mzee, mimi nilikuwepo!"

"Na dawa yako ilikuwepo. Ndiyo maana akatema."

Wazee walicheka mpaka mmoja akaangusha fimbo. Philbert alisimama akitokwa na jasho, akiwageukia mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mteja. Kwenye mlango wa nyumba, Nashipai alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa, macho yote kwa baba yake. Koinet hakuhitaji kudanganya. Alihitaji kucheka na wenzake tu, na Philbert angerudi alikotoka.

Koinet alingoja kicheko kiishe.

"Philbert anasema kweli," alisema. "Kila siku anadanganya, lakini leo anasema kweli. Nilibariki. Sikuuliza ndani ya chupa kuna nini. Mtu alinifaa, nikampa nilichokuwa nacho. Sasa kuna mama amepoteza mkono, na baraka yangu imo humo."

"Mmesikia!" Philbert alipiga makofi. "Imebarikiwa! Baba, rudia hapo kwenye 'nilibariki', ugeukie huku kwenye mwanga." Na tayari alikuwa ametoa kamera.

Mepukori alimwonyesha njia kwa fimbo. Philbert aliingia garini akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi, na kabla hajafika barabarani akawasha spika.

Wazee walishauriana. Kisha wakaamua kwamba Koinet atatoa mtamba mmoja kwa rika lake, na kinywa chake hakitabariki mtu wala mnyama mpaka mvua zijazo. Nashipai angebarikiwa na Mepukori. Mepukori ndiye aliyetamka hukumu hiyo, na aliitamka akitazama chini.

Karatu haikuchelewa. Juu ya matangazo ya zamani Philbert alibandika utepe mpya: IMEBARIKIWA KWELI! Judith, aliposikia, aliandika makala ya pili, "Babu Abadili Kauli: Kapewa Nini?" Hakwenda Nainokanoka kuuliza, kutoka zahanati ni mbali, na makala ilikuwa imeshakamilika. Mbongo wa Toronto aliandika kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Siku ya harusi Mepukori alimpulizia Nashipai maziwa kichwani na kifuani, wazee wakaitikia. Alifanya vizuri, bila haraka. Koinet alikuwa amesimama peke yake pembeni ya lango la boma, shuka limemfunika mpaka kidevuni.

Bibi harusi akishaanza safari hatakiwi kutazama nyuma. Alichotaka kwa baba yake ilibidi akichukue kabla ya kuvuka lango, au akikose. Nashipai alitembea polepole nyuma ya mumewe, shanga zikigongana, na alipomfikia baba yake akasimama. Mume naye akasimama. Wanawake wakaacha kuimba. Nashipai akainamisha kichwa mbele ya mzee, kama watoto wa kwao wanavyosalimia wakubwa, akangoja.

Koinet alimtazama Mepukori. Wazee walikuwa wamekataza kinywa, mkono hawakuutaja.

Alitoa mkono ndani ya shuka, akauweka juu ya kichwa cha binti yake, akauacha hapo. Midomo yake ilikuwa imefumbwa kabisa. Mepukori, ambaye alikuwa anaona kila kitu, aligeukia zizi akaanza kuuliza kwa sauti kubwa ni nani aliyewaacha ndama wa mwenzake bila mchungaji.

Nashipai aliinua kichwa, akavuka lango.