Papasi wa Chumba cha Mzee

Ukimsikiliza Mama Redio, jirani wa mlango wa pili, mambo yalikwenda hivi. Asubuhi ile alikuwa anaanika nguo zake, hana habari na mtu, mara akasikia kitu kinaburutwa. Akachungulia juu ya ukuta. Akamwona mke wa dereva, yule dobi mkimya, anakitoa nje kitanda cha marehemu mzee, peke yake, kichwa kakifunga kitambaa, macho mekundu kama pilipili. Akakilaza uani chali, miguu juu. Kisha akaleta birika la maji yanayochemka, akaanza kukimwagia kiungo kwa kiungo huku anakisemesha.

"Na kitanda kikalia," Mama Redio husema, na hapo lazima ashike kifua. "Sikulia mimi, hakulia yeye. Kililia kitanda. Nyiiii! Kama mtoto anayesuguliwa masikio. Nikasema basi, mkwe wa watu homa imempanda kichwani, anamwogesha mzee mara ya pili."

Waliompa jina la Redio walikuwa na sababu yao: hana kitufe cha kuzimia. Lakini safari hii hakutia chumvi nyingi. Kitanda kilitoka kweli, maji ya moto yalimwagwa kweli, na mbao kavu ikinyweshwa maji ya moto hulia. Alichokosea ni kimoja tu. Siku ile Dobi hakuwa na homa. Homa alikuwa nayo kabla, na hiyo ndiyo iliyomfikisha uani na birika mkononi.

Homa yenyewe ilikuwa na tabia za mgeni asiye na haya. Inaingia kwa kishindo, inamtetemesha mpaka meno yanagongana, kichwa kinataka kupasuka, halafu siku moja inaaga na kwenda zake. Dobi anaamka mzima, anarudi kazini kwenye nyumba ya wageni, anapiga pasi mashuka, anataniana na wenzake. Kabla hajasahau vizuri, hiyo hapo tena mlangoni, na mizigo yake yote.

Na kwenye nyumba ile, mtu akiugua alilazwa chumba cha mzee. Ndivyo walivyozoea, wala hakuna aliyekumbuka nani alianzisha. Vyumba vingine vyote vilikuwa na saruji. Cha mzee peke yake kilibaki na sakafu ya udongo na kuta za udongo, kwa sababu mzee alikataa katakata. "Saruji inakula miguu ya mtu mzima," alisema, na neno la mzee halikuwa na rufaa. Jua likiwaka nje, humo ndani ni kama umeingia ndani ya mtungi. Kwa hiyo mwenye homa alipelekwa humo apoe, juu ya kitanda cha mbao nene, kitanda kikasogezwa mpaka kikagusa ukuta ili mgonjwa asije akaanguka. Mama mkwe alimtandikia Dobi kwa mkono wake mwenyewe. Akamkanda kwa kitambaa cha maji, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko, akakaa naye mpaka shingo ikamuuma. Dobi hajawahi kuuguzwa vile hata na aliyemzaa.

Lakini dobi ni dobi. Alipopata nafuu na kufua mashuka ya chumba kile, aliona vitone vya damu, vidogo, vimekauka, vyote upande wa ukutani. Akasema moyoni, kunguni hao. Akasugua, akaanika.

Homa iliporudi tena akaenda zahanati. Tabibu alimtoboa kidole, akaiinamia hadubini kwa muda, kisha akainua uso na kumuuliza swali ambalo Dobi hakulitegemea.

"Unalala wapi?"

"Kitandani."

"Sakafu ya nini?"

"Ya... chumba cha kuuguzia ni udongo."

Tabibu akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuiona nyumba yenyewe. "Dada, hii ni homa ya papasi. Papasi ni ndugu yake kupe, ila hang'ang'anii mwilini kama kupe wa ng'ombe. Anakaa kwenye nyufa za udongo na kwenye viungo vya kitanda. Umelala, anatoka, ananyonya, anarudi kwake. Wala husikii. Utameza dawa utapona, lakini yeye atakuwa anakungoja. Na ana subira huyo, anaweza kukaa miaka bila kula."

Akampa dawa, akamweleza na la kufanya: sakafu ipigwe saruji, nyufa zizibwe na zipuliziwe dawa, kitanda kikae mbali na ukuta, mtu asilale chini, na homa ikianza tu, mbio zahanati. Dobi alikuwa amekwisha kusimama aondoke, ndipo tabibu akamalizia: "Na kama nyumbani kuna mjamzito, huyo asilale humo kabisa. Homa hii inaharibu mimba."

Neno hilo lilimkaa Dobi kooni kama mwiba wa samaki. Maana wifi yake, binti pekee wa nyumba ile, alikuwa na mimba iliyosubiriwa mpaka watu wakaona haya kuuliza. Na ilikwishapangwa kwamba atakuja kujifungulia kwa mama yake, na atalala chumba cha mzee, kwa sababu ndicho chumba cha heshima na ndicho chenye baridi.

Basi siku mama mkwe alipokwenda kumjulia hali dada yake, Dobi akachemsha maji. Na walitoka. Walitoka kwenye matundu ya miguu ya kitanda, bapa, rangi ya udongo, ngozi imekunjamana kama vifuko vitupu. Alikuwa anawaambia, "Toka. Na wewe toka," hayo ndiyo maneno aliyosikia Mama Redio. Wachache akawatia kwenye chupa na kufunga kifuniko, ili awe na cha kuonyesha.

Mama mkwe aliporudi, Dobi akamweleza yote ya tabibu, lakini hakuitazama chupa. Alikitazama kitanda kilicholowa, kimelala chali mbele ya watu, akasema neno moja: "Kirudishe." Kikarudi ndani, kikasukumwa mpaka ukutani. Mlango ukafungwa kwa kufuli, ufunguo ukaingia kwenye pindo la nguo ya mama mkwe, ukapigwa fundo. Mfuko wa saruji ambao dereva alikuwa ameununulia sakafu ile ukabaki barazani, unanyonya unyevu, pembe zake zinaganda moja moja. Na chini ya sakafu ile ya udongo, Dobi alijua, maji ya moto hayakufika.

Dereva naye alipopigiwa simu alikuwa na jibu lake lile lile. "Ongea na mama taratibu, mke wangu. Mimi niko njiani." Mume huyo alikuwa njiani tangu siku ya harusi.

Leo ndiyo siku wifi anafika. Dobi alifagia uwanja, akafagia tena pale pale alipofagia. Akaenda kuchungulia barabarani, akarudi. Chumbani kwake, chenye saruji, alikuwa ametandika kitanda chake na shuka jipya, amekisogeza katikati ya chumba kama meza, na chandarua amekichomeka chini ya godoro kote. Akaingia kukitazama. Akatoka. Akaingia tena kulinyoosha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi.

"Umekuwa kama umekalia makaa," mama mkwe alimwambia. Alikuwa kwenye kigoda barazani, anakunja mashuka mengine, yale ya maua, ya wageni. "Gari litafika likifika."

"Namngoja wifi, Mama."

"Humngoji yeye. Unaningoja mimi."

Dobi akauweka ufagio. Akakaa chini karibu na miguu ya mama mkwe, akashika ncha ya shuka wakunje pamoja, maana maneno mengine ni rahisi kuyasema mikono ikiwa na kazi.

"Mama, chumba changu kiko tayari. Alale kule. Mimi nitalala jikoni, popote."

"Mtoto wangu aje kwao alale chumba cha kuazima?"

"Si cha kuazima. Ni cha kaka yake."

"Mimi nimelala kile cha mzee tangu nikiwa mwari," mama mkwe akasema. "Nimezalia humo. Mbona siugui? Au hao wadudu wako wananiogopa?"

"Tabibu anasema aliyeumwa nao siku zote, mwili unawazoea. Anayeangushwa ni mgeni. Mimi nilikuja na miguu yangu mizima, nikaanguka. Wifi ameolewa zamani, mwili umeshasahau."

"Mgeni," mama mkwe akarudia. "Na mzee? Mzee naye alikuwa mgeni kwenye nyumba aliyoijenga?"

Mzee alikuwa dereva kama mwanawe. Ujana wake wote ulilala kwenye malori na mabweni ya kampuni. Nyumbani alikuwa wa kuja na kuondoka. Alirudi moja kwa moja alipostaafu, akakaa muda mfupi, akazikwa. Dobi hakumkuta. Hakuwahi kuwaza habari za kifo chake hata mara moja alipokuwa anamwaga yale maji. Sasa akaona alikuwa anamwaga wapi: juu ya kitanda alichofia mzee.

Mama mkwe aliendelea kukunja, lakini shuka lilikuwa limekwisha kukunjwa, akawa analikunja hewani.

"Alikuja mzima," akasema. "Anacheka, anaudhi watu, anataka kuhamisha choo. Homa ikamkamata. Nikamlaza. Ikamwacha, akatoka akakaa hapa hapa ulipokaa. Ikarudi, nikamlaza tena. Watu walisema ni malaria, nikampa za malaria. Akawa anatapatapa, nikaogopa ataanguka. Nikakisogeza kitanda ukutani." Akaitazama mikono yake. "Kwa mikono hii."

"Mama, hukujua."

"Nilimnyang'anya mkeka, unajua? Alitaka kutoka akalale barazani kwenye upepo. Nikamwambia, mzee, wewe mgonjwa, rudi ndani." Akaliweka shuka magotini. "Kwa hiyo hicho ndicho unachotaka niseme."

"Sitaki useme kitu. Sikuja kukuhukumu mimi. Nilikuwa naumwa ukaniuguza, nitakuhukumu kwa mdomo gani? Nataka wifi asilale humo. Basi. Mengine yabaki kwako."

Mama mkwe akanyanyua kichwa, na Dobi akadhani sasa anajibiwa. Ndipo honi ikalia barabarani, na juu ya honi sauti ya Mama Redio, kubwa kuliko honi: "Mgeni wetu huyoo! Njooni mumuone alivyojaa! Hilo tumbo au umeficha tikiti?"

Wifi aliingia uwanjani anacheka, amejishika kiuno, miguu imevimba mpaka viatu ameshika mkononi. Mama Redio nyuma yake na begi kichwani.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Marahaba." Mama mkwe alimkumbatia kwa pembeni, kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi.

"Wifi yangu!" Akamgeukia Dobi. "Mbona umekonda? Kaka yangu hakulishi?"

"Kaka yako yuko njiani."

Wakacheka wote, hata Mama Redio, ambaye hakuwa amesikia vizuri.

"Njoo ukapumzike," Dobi akasema haraka, amekwisha kumshika mkono. "Nimekutandikia kwangu. Kuna chandarua, kuna feni, kila kitu."

"Kwako? Ah, wifi, toka hapa! Nikutoe kitandani kwako nina wazimu? Kwanza humo mna joto." Akajitoa mkono kwa upole, kwa mapenzi kabisa, akaanza kutembea kuelekea nyuma. "Mimi nataka kwa baba. Njia nzima nilikuwa nakiwaza kile chumba. Nikasema nikifika tu, najinyoosha kwenye udongo wa baridi, miguu hii ipungue."

"Chumba hicho kina mambo," Mama Redio akadakia, begi likimyumba kichwani. "Muulize wifi yako habari ya kitanda kulia."

"Kitanda kufanya nini?"

Dobi alimtazama mama mkwe. Hakumtazama kwa kumshtaki. Alimtazama kama unavyomtazama mtu unayemshikia mlango. Lakini ndani yake alikuwa amekwisha kula kiapo: ufunguo ukigusa kufuli, anasema yote, hapo hapo, mbele ya Redio na mtaa mzima, na kama ni kurudishwa kwao arudishwe. Chupa ilikuwa jikoni, nyuma ya ndoo. Ni hatua chache tu. Miguu ilimwasha.

Wifi alikuwa amefika mlangoni, ameegemea fremu, mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine unalitikisa kufuli.

"Eh! Tangu lini mnafunga?"

Vidole vya mama mkwe vilikuwa kwenye pindo la nguo. Fundo lilikuwa limekwisha kulegea. Ufunguo ulionekana, kichwa chake tu, na vidole vikaushika, vikakaa hapo. Alikuwa hamtazami binti yake wala mkwe wake. Alikuwa anatazama mahali pale barazani, karibu na kigoda, alipokaa mzee homa ilipomwacha, ambapo sasa hapakuwa na mtu.

"Mama," wifi akasema, "miguu inaniuma. Nifungulie basi."

Mama Redio, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, alinyamaza.

"Mama? Si nakuomba ufunguo?"