Folda ya Adventina Peke Yake

Adventina alikuwa amechoshwa na "chers collègues", yaani "wenzangu wapendwa" kwa Kifaransa. Tangu ahamishwe kutoka Gashoho, kule Muyinga, kuja ofisi kuu ya ushirika Gitega, kila barua pepe ilianza hivyo: chers collègues mkutano, chers collègues semina, kana kwamba hakuna aliyebatizwa jina.

Saa ya chakula, wenzake walipotoka bila kumwita, aliiagiza programu ya barua kwenye kompyuta yake itafute zile tu alizoandikiwa yeye peke yake. Akauhifadhi utafutaji huo kama folda, akaiita "Mimi", ili na zitakazokuja zijikusanye humo zenyewe.

Kati ya barua elfu nne, ilitokea moja. Moyo ukamdunda. Akaifungua.

"Adventina, usisahau mwamvuli. Mvua ya Gitega haina adabu."

Alikuwa ameiandika mwenyewe, siku ya mwisho Gashoho, aje aisome akifika.

Aliitazama kitambo, kisha akabonyeza "jibu": "Asante, dada. Niliusahau. Wewe hujambo?"

Akatuma. Kabla hajaondoa mkono, folda ikaonyesha barua mpya, na moyo wake, mjinga ule, ukadunda tena.