Samli ya Mfalme

Adhuhuri ya Jumapili, theluji ikiuzika mji wa Coon Rapids, huko ughaibuni, mzee asiyemjua alimbishia Shamsia mlango. Miguuni alivaa kandambili. Mkononi alishika taa ya shaba inayowaka.

"Binti, mimi Arumugam, jirani yako. Moyo wanisumbua, ambulensi inakuja. Niwekee hii mpaka mwanangu aje jioni. Isizimike. Na utie samli tu, si mafuta mengine."

"Taa gani hii, mzee?"

Akamweleza huku pumzi zikimkatika. Zaidi ya miaka elfu iliyopita, kusini mwa India, mfalme wa Wachola, mwaka wa tatu wa utawala wake, alikwenda kuwinda. Akafyatua mshale kichakani akidhani ni swala, akamuua mchungaji. Kwa toba akatoa kondoo tisini na sita, ili samli ya maziwa yao iwashe taa ya marehemu daima. Ufalme ukaisha, kondoo wakaisha. Ukoo wa mchungaji ukabaki na taa.

"Ikififia, huja kutazama."

"Mchungaji?"

"Mfalme. Hajajua bado kama amesamehewa."

Shamsia akaahidi. Mzee akachukuliwa.

Alasiri kikopo cha samli alichoachiwa kikaisha, na mwanga ukaanza kunywea. Nje gari lake halionekani kwa theluji, na maduka yamefungwa. Ndipo aliposikia kwato nyingi nje ya mlango, ukumbini mwa jengo, taratibu. Harufu ya sufu iliyolowa ikapenya chini ya mlango. Kisha nyayo za mtu asiye na viatu zikaja, zikasimama.

Akampigia simu kaka yake, Munir, aliyeko Golden Valley, mji wa jirani.

"Siku hizi wamlindia taa mfalme wa Kihindi?" Munir alimtania. "Tia mafuta ya kupikia. Nani atajua?"

"Yuko mlangoni, kaka."

"Basi izime, aende zake."

"Nimepewa amana."

"Na samli utaitoa wapi?"

Shamsia akafungua friji. Ndani mlikuwa na nusu chupa, samli ya mwisho aliyoichemsha mama yao Lamu, wiki moja kabla hajafa. Waliifungua siku ya Idi tu, kila mmoja akaonja ncha ya kijiko.

"Shamsia, ile usiiguse."

"Nisamehe fungu lako, kaka."

Akaimimina kijiko baada ya kijiko. Chumba kikanukia jiko la mama yao, iliki na moshi, hata akalia. Nje ya mlango, mtu naye alikuwa akilia.

Mwana wa mzee alipofika jioni, taa ilikuwa inawaka, na chupa imekauka.