Viti Arobaini vya Bwana Tele

Aliyeketi asikie, naye aliyesimama asogee karibu. Wenye watoto ndio hasa ninaowaita. Palikuwa na nchi iitwayo Nianjema, ambayo Sultani wake, Huruma bin Haraka, alijaaliwa machozi mengi kuliko fikira. Siku moja alimwona ajuza akizimia kwenye foleni ya zahanati. Akalia, akajipangusa, akatunga Sheria ya Kustarehesha Makalio: ni marufuku raia kuhudumiwa akiwa amesimama, au ameketi chini kwa fedheha. Kila mtu aje na kiti chake. Nchi nzima ikashangilia, hata wasio na viti, wala hakuna aliyeuliza viti vitatoka wapi.

Bwana Tele, mwenye misitu na maseremala, alishangilia kuliko wote. Kila alfajiri watumishi wake walipanga viti arobaini vitupu mlangoni pa zahanati, na karani, mtu wa sheria kwelikweli, akakiwekea kila kiti chupa yake ya dawa. Viti vya Nianjema vikanawiri kwa siha na afya. Watu wakabaki wanakohoa.

Mashaka, muuza maandazi, alikuwa na jiko, sinia na binti mmoja, Faraja, aliyekuwa akiwaka homa siku ya tatu. Kiti hakuwa nacho.

"Mama, kalete kiti," karani alimwambia kwa upole.

"Baba, mtoto anatetemeka."

"Naona, na roho inaniuma. Lakini umesimama."

Mashaka akakitazama kiti cha mwisho, chenye mto wa hariri. Akakikalia. Akapewa chupa, Faraja akanywa dozi ya kwanza palepale, na mama mtu akanyang'anywa chupa na kukamatwa kwa kuiba dawa ya kiti.

Mahakamani, Kadhi Mizani akakwama: mshtakiwa hana kiti, basi hasikilizwi, na asiyesikilizwa hahukumiwi. Sultani alipopata habari akalia tena, akaamuru mafukara wote wanunuliwe kiti kimoja, kipigiliwe misumari kizimbani.

Mashaka akaketi. Akajitikisa kidogo, akikipima.

"Unakiri kosa?" akauliza Kadhi.

"Nakiri, Mheshimiwa. Ila kwanza, nimeketi, sivyo?"

"Umeketi."

"Basi nihudumiwe. Mtoto bado hajanywa dozi mbili."

Kadhi akafungua kitabu cha sheria, akakifunga, akakifungua tena kana kwamba huenda kimejirekebisha. Hakuona pa kumnyimia. Dawa ikaletwa kizimbani, Mashaka akaifunga kwenye pindo la kanga, kisha akahukumiwa kuvifuta vumbi viti arobaini vya Bwana Tele mwaka mzima.

Kesho yake Kadhi alikuta foleni imeizunguka mahakama: akina mama wamesimama, kila mmoja na mtoto mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa.

"Mna shida gani?"

Wa mbele akasogea. "Nimeiba, Mheshimiwa. Nimeiba nini, nitakwambia nikishaketi."