Mshiko wa Barafu

Saa nne kasorobo asubuhi, kipimajoto cha mwisho wa njia ya kurukia ndege kilionyesha nyuzi mbili chini ya sifuri. Juu ya barafu kulikuwa na mchanga ambao Oddvar, dereva wa lori la mchanga, alikuwa ameuchanganya na maji moto na kuumwaga mapema. Ulikuwa umegandia pale, unakwaruza kama msasa. Niliupitia kwa gari la kupimia jinsi matairi yanavyoshika barafu, kwenda na kurudi. Mara zote mbili gurudumu lake la kupimia, la nyuma, lilionyesha mshiko mzuri.

Nilimpa Eilif taarifa hiyo kwa redio. Alikuwa rubani wetu wa majaribio. Kazi yake ilikuwa kutua na kukanyaga breki kwa nguvu zote, tujue kama gari langu linasema kweli.

"Ragnhild, nikiishia baharini kwa samaki, mwambie mke wangu kosa ni lako."

"Mkeo atanishukuru. Shuka."

Alishuka. Matairi yaligusa, pua ikainama, lakini mwendo haukupungua. Ndege ilinipita kama sahani inayoteleza juu ya meza iliyolowa, ikavuka taa za mwisho, ikazama kwenye theluji nje ya njia. Eilif alitoka mzima. Alisimama akizitazama alama za matairi yake, wala hakutania tena.

Nilipima upya, juu ya alama zilezile. Mshiko mzuri.

Oddvar alikuwa kando ya lori lake. Mkewe, Torunn, alikuwa zahanati, mtoto amekaa vibaya tumboni. Barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa na theluji, na ndege ya wagonjwa ilikuwa angani tayari, inangoja neno langu.

"Mwambie rubani wao njia ni nzuri," alisema. "Si ndivyo mashine yako inavyosema?"

"Ndege imesema mbaya, Oddvar."

"Sasa ipi inadanganya?"

Nimevirudia vipimo vile kila majira ya baridi tangu hapo. Siku ile nilibonyeza kitufe cha redio nikamweleza rubani wa ndege ya wagonjwa yote mawili, bila kuchagua.

"Nimesikia," akasema. "Nashuka."

Hatukuwa tumeongeza mchanga. Hakuna aliyekuwa ameigusa barafu. Ndege ya wagonjwa ilitua, ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya njia, palepale Eilif alipoanza kuteleza.

Tuliibeba machela ya Torunn hadi mlangoni mwa ndege, Oddvar akiwa upande wa kichwa. Hakuna aliyeteleza.