Nyumba Iliyomdhamini Albano

Jumatatu ya kwanza ya kazi, Kasimiri alikabidhiwa suruali ya kaki, shati la kaki lisilo na kifungo cha juu, baiskeli na hati moja ya kukamata. Mwaka ulikuwa 1976. Mahakama ilikuwa ya mwanzo, upande wa Temeke, yenye mabenchi mawili na feni isiyozunguka. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu walioruka dhamana, na aliyeishika kabla yake alifukuzwa kwa kutomrudisha hata mmoja.

"Una mpaka Ijumaa," alisema karani mkuu, Bwana Gozbert, macho yake yakiwa kwenye chai. "Ukimleta, nakugongea muhuri kwenye kitambulisho cha kazi. Usipomleta, unajua mwenyewe. Na mtu wa kazi hii hapigi hodi. Anaingia."

Kasimiri alijua. Miezi ile, aliyekutwa mjini bila kitambulisho cha kazi alipandishwa lori akapelekwa kulima. Binamu yake Alfonsi alipandishwa hivyo akiwa na kandambili mguuni na nusu mkate mkononi. Kasimiri alifunga shati kwa pini, akaondoka.

Mtoro aliitwa Albano, msukuma mkokoteni, aliyeshtakiwa kuficha magunia sita ya sukari ya duka la ushirika. Mdhamini wake alikuwa mama mwenye nyumba wake, Bi Mwamvita wa Tandika, mzee wa miaka sabini, na alichoweka dhamana ni hiyo nyumba. Kasimiri alifika Tandika saa nne, akakuta kiwanja kitupu, shimo la choo na mafiga matatu.

"Nyumba imeondoka Ijumaa, watu wametoka msikitini," alisema jirani, Mwajabu, akichambua mchele. "Bibi yumo ndani."

"Imeelekea wapi?"

"Njia ya Pugu. We fuata makuti. Inayaangusha hiyo, ya zamani."

Kasimiri aliandika kwenye daftari: nyumba haipo, imeelekea Pugu. Nyumba haikumsumbua. Kilichomsumbua ni Ijumaa.

Aliipata kesho yake, mbele ya Yombo, ikivuka shamba la mihogo kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu. Ilikuwa ya udongo, vyumba vinne, na kuku watano wakiifuata nyuma. Aliyoambiwa na Bwana Gozbert aliyakumbuka vizuri sana, lakini alikuwa amelelewa Newala na bibi asiyecheka na mtu, na kuingia mlango bila hodi hakuweza.

"Hodi."

"Karibu, baba."

"Shikamoo, bibi. Mie natoka mahakamani."

"Marahaba. Ruka hapo kizingitini, haisimami kirahisi." Bi Mwamvita alikuwa anakuna nazi. "Hakimu aliniuliza, huyu akitoroka, nyumba yako itamleta mwizi wa sukari? Nikamwambia itamleta. Sasa niseme uongo mahakamani na umri huu?"

Kasimiri alikaa barazani siku mbili, baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani, mashamba yakipita. Bibi alimlisha wali na samaki, akaona ile pini, akamvua shati na kumshonea kifungo cheusi. Kasimiri alishukuru, akaona haya, akahesabu tena siku zilizobaki.

Alhamisi, kwenye vilima vya Pugu, nyumba ilipunguza mwendo karibu na kibanda cha wachoma mkaa. Kasimiri aliteremka.

"Hodi hapa."

"Karibu," iliitika sauti ya ndani. "Nimejimaliza," sauti ikasema.

Albano alitoka amejaa masizi. Kwa siku kumi na moja hakuwa amekohoa wala kuwasha moto wake mwenyewe, na sasa alijipiga kofi la paja. "Hodi nimeiitikia tangu mdogo, kaka. Ningefanyaje?"

Nyumba haikusimama. Ilimpita Albano na kibanda chake, Bi Mwamvita akamuuliza dirishani kama amekula, ikapanda kilima. Kasimiri na Albano wakaifuata. Juu kulikuwa na nyumba ya bati yenye stoo ubavuni, mali ya Bwana Sadallah, meneja wa duka la ushirika, aliyemshtaki Albano. Nyumba ya udongo ilijikalisha pale, mlango wake ukagusana na mlango wa stoo. Chini ya mlango wa stoo walikuwa wakitoka sisimizi, msafara wa upana wa vidole vitatu, kila mmoja na chembe yake ya sukari, wakizimwaga kwenye mkeka wa Bi Mwamvita.

"Magunia ndiyo hayo," alisema Albano. "Niliyaleta mwenyewe kwa mkokoteni. Aliniambia ni ya ofisi."

Kasimiri alipiga hodi. Ndani kijiko kilikuwa kinakoroga chai, kikanyamaza. Alipiga ya pili, kisha ya tatu. Mlango wa stoo ulikuwa wazi upana wa kiganja, ungesukumwa kwa kidole. Lakini kesho ilikuwa Ijumaa, na mtu aliyelelewa vizuri, hodi tatu zisipoitikiwa, huondoka. Alifarijika kwamba adabu inamruhusu, na akajichukia kwa kufarijika.

Ijumaa, Albano akiwa ameketishwa kwenye benchi la mahakama, Bwana Gozbert alisikiliza habari yote, nyumba, sisimizi na kijiko.

"Nani alikukaribisha huko stoo?"

"Hakuna, mzee. Nilipiga hodi tatu, nikaondoka."

Kwa mara ya kwanza Bwana Gozbert alimtazama usoni. "Hapo ulifanya vizuri kupiga hodi," alisema, akagonga muhuri.

Albano alifungwa miaka miwili. Kuhusu nyumba, iliamuliwa kuwa imesimama katika shamba la Bwana Sadallah, kwa hiyo ni yake, na Bi Mwamvita ataishi humo kama mpangaji, kwa sharti la kufagia sisimizi.

Miezi mitatu baadaye Kasimiri alipita Pugu kikazi. Alisimamisha baiskeli mbali kidogo na kizingiti. Sisimizi walikuwa bado wanapita.

"Karibu, baba," alisema Bi Mwamvita kutoka ndani. "Sukari ipo tele."

Kasimiri hakuwa amepiga hodi. Alishika kifungo cheusi cha shati lake, akasema ana haraka.

"Haya. Kamwambie hakimu nyumba imeshafika."

Kasimiri alisema atamwambia. Mfukoni alikuwa na hati ya mtu wa Mbagala, na siku zilizobaki zilikuwa mbili.