Mtu wa Kuazima

Tobia alikuwa na koti moja la kijivu na vyeo vingi. Koti lilikuwa la kweli. Vyeo alijipa mwenyewe, kila alipopanda basi kutoka Lushoto kurudi kwao Kwezinga, kijiji kilicho juu ya Mlalo. Safari moja alishuka akiwa karani wa shamba la chai. Safari iliyofuata akawa mpima mbao wa serikali. Mkewe Rahabu alimsikiliza, akamtengea maji ya kuoga, kisha akauliza tu mbona karani ana sugu za namna ile viganjani. Tobia alijibu kwamba kalamu za ofisini siku hizi ni nzito. Baadaye kila alipolikumbuka jibu lile alicheka peke yake njiani, mpaka watu wakamgeukia.

Ukweli ni kwamba alikuwa mtu wa kuazima.

Ilikuwa muda si mrefu baada ya Uhuru. Mjini Lushoto, nyuma ya duka la fundi cherehani, palikuwa na chumba cha Nathanaeli, wakala wa vibarua. Mwenye shamba au kiwanda akipungukiwa na watu, alimwendea Nathanaeli, naye akawatoa watu kama jirani anayeazimisha ngazi. Mshahara wao ulipitia mkononi mwake, na mkono wenyewe haukuwa mwepesi kuachia. Kazi ikiisha, walirudi kwenye benchi lake kungoja nyingine.

Tobia alikuwa amemaliza darasa la nane na mwandiko wake ulisifiwa hadi kanisani. Aliingia mle chumbani akiwa na hakika ya kupewa meza. Nathanaeli alilitazama lile koti kwa heshima.

"Msomi kama wewe siwezi kukupeleka pabaya," alisema. "Anza na hii kwa muda tu. Wakishakiona kichwa chako, watakuajiri wenyewe."

Tobia alilipenda sana hilo neno kichwa. Kesho yake kichwa kile kilikuwa kimebeba gunia la majani ya chai upande wa Bumbuli.

Kule kwenye chai aligundua kwamba kuna njaa ya aina mbili, ya mwenye kazi na ya mtu wa kuazima. Vibarua wa shamba waligawiwa unga na maharage kila mwisho wa juma. Tobia naye alipanga foleni, tena kwa adabu, koti kalifunga vifungo vyote. Mgawaji alipomfikia alifunika debe.

"Wewe si wetu. Kamuulize aliyekuleta."

Alimuuliza. Nathanaeli akamwambia kwamba anayemtumia mtu ndiye anayemlisha, hiyo ni akili ya kawaida, na msomi hapaswi kufundishwa. Tobia aliona haya kwa kutojua jambo rahisi kiasi kile. Alipofika kitandani na njaa yake ndipo alipotambua kwamba ameaibishwa na kunyimwa chakula kwa mpigo mmoja, na kwamba alimshukuru mtu yule yule wakati wa kuaga.

Kwenye kiwanda cha mbao, huko msituni Magamba, ilikuwa hivyo hivyo. Wenye kazi yao walipewa viatu vya ngozi. Tobia aliviringisha magogo kwa viatu vyake vya kanisani, mpaka soli moja ikabaki kwenye tope na yeye akaendelea mbele bila habari. Siku wafanyakazi walipoitisha mkutano wa chama chao, alisimama akazungumza vizuri sana juu ya heshima ya mtu anayetoka jasho. Alisema nchi sasa ni yetu na jasho ni letu. Walimpigia makofi. Katibu wa mkutano, aliyeguswa kuliko wote, akataka kujua ndugu huyu yuko kitengo gani. Tobia alipotaja jina la Nathanaeli, katibu alimwomba kwa upole akae nje, kwa kuwa mkutano ulikuwa wa waajiriwa. Akakaa nje chini ya dirisha, akawasikiliza wenzake wakiyapitisha maneno yake mwenyewe bila kupingwa hata na mmoja. Alijikuta anapiga makofi.

Mtu mwingine angekwisha kwenda zake kulima. Lakini Tobia alikuwa ameshawaambia watu wa Kwezinga kwamba yuko ofisini, na uongo ule ulimfunga benchini kuliko kamba.

Asubuhi moja Nathanaeli aliwapakia kwenye lori. Kama kawaida yake hakusema wanakwenda wapi.

"Mtajua mkifika," alisema, akawasha sigara.

Tobia alikaa karibu na Mbaraka, mkulima wa Mgwashi ambaye viazi vyake vilikuwa vimeoza kwa mvua na akaja benchini kwa sababu hiyo tu, bila ndoto ya meza wala kiti. Lori lilipita Magamba. Tobia hakujali. Lilipofika Lukozi alianza kuomba kimoyomoyo likate kwenda Mtae. Likashika njia ya Mlalo. Akaomba basi liishie Mlalo. Likapita Mlalo, likaingia barabara nyembamba anayoijua kila shimo lake, likateremka mpaka kijitoni, chini kabisa ya migomba ya Kwezinga. Ng'ambo, juu ya kilima, aliliona paa la nyumba yake.

Akachukua gunia tupu, akalikunja pembe moja ndani ya nyingine, akajifunika kichwa na uso kama wanawake wanaokwenda shambani kwenye mvua.

"Baridi?" Mbaraka aliuliza.

"Homa," alisema Tobia.

Kontrakta mmoja kutoka Tanga alikuwa anajenga daraja la mawe. Msimamizi wake aliitwa Sefania, mtu wa sauti kubwa asiyekuwa na ubaya mwingi, ila hakuona sababu ya kujua majina ya watu atakaowarudisha. Koti la kijivu lilibaki kwenye furushi. Tobia alibeba mawe asubuhi nzima amejifunika gunia, jua likiwaka, jasho likimtiririka hadi magotini, huku wenzake wakimwonea huruma kwa homa yake.

Adhuhuri walikuja wanawake wa kijiji, walioitwa kuwapikia vibarua. Waliteremka na vyungu vya makande. Mbele yao alikuwa Rahabu.

Tobia alifikiria kuruka kijitoni. Maji yalikuwa ya kufika kifundo cha mguu. Akapanga foleni nyuma kabisa, kichwa chini, akanyoosha sahani.

"Onga mshi, mgeni," Rahabu alimwamkia kwa Kishambaa. "Umetoka mbali?"

"Mbali kiasi," alisema Tobia, kwa sauti nzito aliyoitunga palepale, iliyofanana na ya mtu aliyekwamwa na muhogo.

"Huko kwenu mna wake?"

"Tunao."

"Wape pole."

Akamjazia sahani mpaka ikafurika, akageukia vyungu vyake. Tobia alikula nyuma ya rundo la mawe akijipongeza. Ni kweli kwamba sahani yake ilikuwa na makande mengi kuliko ya wote, lakini alidhani ni huruma ya gunia.

Siku zilizofuata Rahabu hakumsemesha tena. Alizungumza na wanawake wenzake tu, ila kila alipozungumza alikuwa amesimama karibu na Tobia. Aliwaambia kwamba mumewe yu ofisini. Kwamba mikono yake ni laini na hajui hata jiwe linashikwaje. Kwamba akirudi safari hii pengine atakuwa bwana shauri, mkubwa wa wilaya nzima. Wanawake walicheka sana, zaidi ya vile Tobia alivyoona habari yenyewe inavyostahili.

Lililomuuma kuliko yote lilikuwa la mzee Hezekia, mdogo wa marehemu baba yake. Mzee aliteremka kutazama daraja, akapita hatua chache kutoka alipokuwa Tobia. Tangu azaliwe Tobia hakuwahi kumpita mzee huyu bila shikamoo. Sasa akamgeuzia mgongo, akajifanya anatafuta jiwe kati ya mawe.

"Watu wa kuazima," alisema mzee Hezekia kwa Sefania, "hawana hata salamu."

Tobia alilibeba jiwe alilolikuta, na lilikuwa kubwa mno. Aliona amelistahili.

Ajali ilitokea siku Nathanaeli alipokuja na lori kuleta vibarua wengine. Mbaraka alikuwa anapita juu ya ubao na jiwe begani. Ubao ukateleza. Jiwe likaangukia mguu wake, na watu wote wakausikia mfupa.

Wakamlaza juu ya magunia. Sefania alikuja, akautazama mguu, akamgeukia Nathanaeli.

"Mtu wako huyo. Mchukue."

"Mimi nilikuletea mzima," alisema Nathanaeli. "Umemvunjia kwako."

"Ukiazimisha jembe bovu, likikatika mpini ni kosa la nani?"

"Jembe langu halikuwa bovu."

Waliendelea hivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake, wala hakuna aliyepandisha sauti, kwa sababu hilo ni jambo walilozoea kuzungumza. Katikati yao Mbaraka alikuwa anatetemeka. Akanyanyua mkono.

"Jamani, msikosane kwa ajili yangu," alisema.

Ndipo Tobia alipojiona. Aliona gunia kichwani, akaiona homa ya uongo, akamwona yule msemaji wa jasho la taifa akijipigia makofi chini ya dirisha. Huyu mwenzake amevunjika mfupa na bado anaomba radhi. Na yeye, mwenye nyumba na kitanda na mke hapo juu kilimani, amejificha asije akajulikana ana nyumba na kitanda na mke.

Akavua gunia.

Alikuwa na hotuba tayari, ile ya msituni, juu ya heshima na jasho. Alifungua kinywa na hotuba yote ikamtoka kichwani.

"Washa lori," alisema.

"Nini?" Nathanaeli aliuliza.

"Lori. Huyu ni mgeni wangu. Tunampeleka zahanati Mlalo, halafu atalala kwangu. Pale, penye migomba."

Wanawake waliviacha vyungu vyao wakasogea. Juu ya ukingo alikuwa amesimama mzee Hezekia, ambaye makelele ya ajali yalimteremsha. Tobia alikuwa mweupe kwa vumbi la mawe kutoka nywele hadi nyayo. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

Mzee alishuka ukingo mpaka mbele yake.

"Marahaba, karani," akasema. "Kazi za ofisini zinaendeleaje?"

Kicheko kilichopasuka pale kilivuka kijito kikafika ng'ambo. Tobia alitaka ardhi impokee. Ardhi haikuwa na nafasi, akacheka naye. Alishangaa kuona kwamba ukishaanza kucheka, mzigo unapungua.

"Tobia," Nathanaeli alisema chinichini, "ukimpakia huyo mtu kwenye lori langu, usirudi kwenye benchi langu."

"Benchi lenyewe lina kunguni," alisema Tobia.

Kwa kweli lilikuwa nao. Mzee Hezekia na wanaume wengine walishateremka, wakamwinua Mbaraka kwa blanketi, na Nathanaeli alipowahesabu kwa macho aliona heri awashe lori. Rahabu alipanda nyuma, akakipakata kichwa cha mgonjwa njia nzima. Mumewe hakumwangalia.

Walizungumza jioni, baada ya mguu kufungwa na Mbaraka kulazwa kwenye kitanda chao.

"Ulinijua lini?" Tobia aliuliza.

"Siku ya kwanza. Nani mwingine anasimama kwenye foleni ya makande kama anangoja kukaribishwa mezani?"

"Na wanawake wenzako?"

"Niliwaambia nilipokuwa nakoroga chungu."

"Mbona hukuniita?"

"Ningekuita ungekimbia," alisema. "Na daraja tunalihitaji." Kisha akaongeza, taratibu, "Lakini mume wangu, ningekupikia hata ukiwa mbeba mawe. Ulinichosha kunifanya mke wa karani. Mke wa karani haombi msaada kwa jirani, eti ana mume ofisini. Mwaka jana nimelima peke yangu."

Kwa hilo Tobia hakuwa na utani. Kesho yake alikuwa shambani kabla ya umande kukauka.

Mbaraka alikaa kwao mpaka mfupa ukaunga. Mkewe, Mwanaisha, alikuja kutoka Mgwashi kumuuguza, akamfundisha Rahabu kuhifadhi mbegu za viazi zisiingie uozo. Mguu uliunga vibaya kidogo. Sefania, baada ya mzee Hezekia kumtembelea mara kadhaa na kukaa bila kusema neno, alimpa Mbaraka kazi ya kukaa, ya kuvunja kokoto. Nathanaeli hakutoa kitu. Alisema kote Lushoto kwamba Tobia ni mtu wa hatari, na Tobia alipozisikia habari hizo alifurahi sana, maana hakuna aliyewahi kumpa sifa kubwa kiasi kile.

Kijijini walimtania miaka mingi. Alitambua mapema kwamba dawa ni kuwawahi. Penye harusi au kilimo cha pamoja aliianza hadithi mwenyewe, akaitoa ile sauti ya muhogo, akajifunika kanga ya mtu badala ya gunia, mpaka wenye kutaka kumcheka wakakosa la kuongeza.

Lilipokuja Azimio, na watu wa Kwezinga wakaitwa mkutanoni kugawana kazi za shamba la ujamaa, mwenyekiti aliuliza kila mtu anaweza nini. Ilipofika zamu ya Tobia, alisimama akasema yuko tayari kwa lolote, bora tu asiazimishwe kijiji kingine. Mkutano ulicheka na kupiga makofi mpaka mwenyekiti akagonga meza. Wakampa kipande cha bondeni, chenye maji na magugu kuliko vyote, ambacho kila mtu alikuwa anakikwepa. Rahabu alimwuliza kwa nini hakukataa. Tobia alisema alitaka kukataa, lakini walikuwa wamempigia makofi, na safari hii alikuwa amekaa ndani.